Feruli: Shilingi Chache Zinazookoa Betri, Chai na Nyumba

Wiki hii siandiki kuhusu programu. Naandika kuhusu kitu kifupi kuliko njiti ya kiberiti, ambacho mafundi wengi hapa kwetu Kericho na Bomet hawakitumii, na wateja wengi hawajui kwamba kipo. Kinaitwa feruli.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa ili usipoteze muda wako: waya wowote wa nyuzi nyingi unaoingia chini ya skrubu uvishwe feruli kwanza. Iwe ni sola ya nyumbani, kabati la umeme la kiwandani au bodi ndogo inayopima unyevu wa udongo shambani. Na fundi anayefanya hivyo alipwe kwa kazi hiyo, asionekane anapoteza wakati wa watu.

Najua swali litakalofuata. "Wewe ni mtu wa programu, mambo ya waya yanakuhusu nini?" Yananihusu sana. Zamani programu iliishia kwenye kioo cha kompyuta. Siku hizi inaishia kwenye pampu, kwenye feni, kwenye sensa ya joto. Na kati ya programu yangu na ile pampu kuna skrubu. Skrubu ikilegea, simu inapigwa kwangu, si kwa skrubu.

Feruli ni nini?

Tazama kamba ya kiatu chako. Kule mwisho kuna kijibomba cha plastiki kinachozuia nyuzi zisifumuke, ndiyo maana kamba inapita kwenye tundu bila kukusumbua. Kijibomba kile kikitoka, unaanza kulamba ncha na kuisokota kwa vidole kila asubuhi.

Feruli ni kitu hicho hicho, ila cha umeme. Ni kijibomba chembamba cha shaba kilichopakwa bati, na nyuma yake kuna kola ya plastiki. Unamenya waya, unaingiza nyuzi zote ndani ya kijibomba, kisha unakibana kwa koleo maalumu. Ukimaliza, nyuzi hamsini zimekuwa ncha moja imara, na ncha hiyo ndiyo inayoingia kwenye terminali. Wajerumani waliviwekea kiwango chao, DIN 46228, na Ulaya ukifungua kabati la mashine utaziona kwa mamia, zimejipanga kwa rangi.

Wazo la kubana badala ya kulehemu si la jana. Kampuni ya AMP ya Marekani ilianzishwa 1941 na ilijipatia jina kwa kutengeneza ncha za waya za kubana, za ndege na meli, kwa sababu huko mtikisiko ni mwingi na hakuna mtu anayetaka waya uchomoke angani.

Nyuzi hamsini chini ya skrubu moja

Waya laini wa milimita mraba 2.5 kwa kawaida huwa na nyuzi 50, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.25. Wa 1.5 una nyuzi 30 za unene huo huo. Ndiyo maana unapinda kirahisi. Lakini ulaini huo huo ndio unaoleta shida mwishoni.

Fundi anamenya waya, anasokota nyuzi kwa vidole, anaingiza, anakaza. Je, nini kinatokea mle ndani? Skrubu inazunguka juu ya nyuzi na kuzisambaza kama mtu anayekanyaga fungu la nyasi. Nyingine zinakatwa. Nyingine zinakimbilia pembeni ambako skrubu haizifikii. Nyuzi 15 zikikatika kati ya 50, umebakiwa na asilimia 70 ya waya uliolipia. Na ikiwa uzi mmoja umebaki nje, umesimama kama unywele wa paka, unasubiri siku ya kugusa terminali ya jirani.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Kericho hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya mawe hapa si habari ya kushangaza mtu. Usiku ni baridi, mchana jua linawaka. Chuma na shaba vinatanuka na kusinyaa kila siku. Ongeza unyevu, ongeza moshi wa jikoni. Shaba iliyo wazi inaanza kuwa nyeusi, kisha kijani. Kila uzi ukipata ngozi ya kutu, mgusano unazidi kuwa mbaya. Feruli iliyobanwa vizuri inazikaza nyuzi kiasi kwamba hewa haipati nafasi ya kupita kati yake, na lile bati la nje linastahimili unyevu kuliko shaba tupu.

"Lakini ni volti 12 tu!"

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi zaidi. Mtu akifunga umeme wa laini, wa volti 240, anaogopa na kuwa makini. Akifunga sola ya volti 12 anasema haina neno, hata mtoto akishika haimrushi. Ni kweli haimrushi. Lakini kwa upande wa joto, volti 12 ndiyo inayohitaji adabu zaidi. Tupige hesabu.

Tuseme una vifaa vya wati 240. Kwa volti 240, mkondo ni ampea 1. Kwa volti 12, mkondo ni ampea 20. Sasa chukua kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.05, kiasi kidogo ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kukipima sawasawa. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani:

- Kwa ampea 1: 1 x 1 x 0.05 = wati 0.05. Hutahisi chochote.
- Kwa ampea 20: 20 x 20 x 0.05 = wati 20.

Wati 20! Hiyo inakaribia chuma kidogo cha kulehemu, nacho kimewekwa ndani ya kisanduku cha plastiki, ukutani kwa mbao, juu ya kitanda cha mtoto anayesomea taa hiyo hiyo.

Na usidhani fyuzi itakuokoa. Fyuzi na breka vinaangalia mkondo uliozidi. Hapa mkondo haukuzidi hata kidogo, ni ule ule wa ampea 20 uliokusudiwa. Kiungo kinaungua huku fyuzi ikiona kila kitu kiko shwari.

Kuna hasara nyingine ambayo haina moshi. Ampea 20 zikipita kwenye omu 0.05 zinaacha volti 1 njiani. Betri ya asidi iliyojaa ina volti kama 12.7. Kontrola iliyoko upande wa pili inaona 11.7 na kudhani betri inakaribia kuisha, kwa hiyo inazima mapema. Wakati wa kuchaji ni kinyume chake: kontrola inaona volti kubwa kuliko ile iliyofika kwenye betri, inapunguza chaji kabla ya wakati, na betri hailali ikiwa imejaa hata siku moja. Betri ya asidi isiyojaa huzeeka haraka. Baada ya muda mwenye nyumba anaambiwa betri imekufa, anauza mbuzi, ananunua nyingine na kuifunga kwenye waya ule ule. Betri ilihukumiwa bila kosa.

Angalia pia jinsi kampuni zinazouza sola ya kulipia kidogo kidogo zilivyolimaliza jambo hili. M-KOPA ilipoanza kuuza Kenya 2012, seti yake ilikuja na plagi tayari. Mnunuzi hamenyi waya wala hakazi skrubu. Waliomweka mtu mbali na skrubu walijua wanachofanya. Lakini mtu akikua na kutaka mfumo mkubwa zaidi, wenye inveta na betri ya asidi, anarudi kwenye skrubu, na hapo ndipo anapohitaji feruli.

Kiwandani, skrubu ni sehemu ya programu

Ukipita Litein, Kapkatet au Mogogosiek wakati wa msimu, utasikia viwanda vya chai kabla ya kuviona. Feni za kunyausha majani zinanguruma usiku kucha, roli za kukata na kusokota zinatetemesha sakafu, tanuri la kukaushia linapuliza. Majani mabichi hayasubiri. Yakishachumwa, saa inahesabu, na mashine ikisimama ni mkulima aliyechuma ndiye anayekula hasara.

Mtikisiko huo wote unafika kwenye kabati la umeme. Waya laini bila feruli unajipanga upya taratibu chini ya skrubu: nyuzi zinashuka, skrubu inabaki na nafasi. Leo imekaza, baada ya miezi kadhaa imelegea, na hakuna aliyeigusa.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja (jina nitaliacha) ambapo joto la tanuri lilikuwa likirukaruka kwenye skrini. Digrii nne juu, tano juu, kisha linarudi. Lilitokea zaidi mashine za jirani zilipowashwa. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kuandika programu ya kulainisha namba, yaani tuchukue wastani wa dakika tano, mstari utapendeza.

Mimi nilikataa. Sensa yenyewe ilikuwa ya aina ya PT100: inasoma omu 100 kwenye digrii 0, na kila digrii inaongeza takribani omu 0.385. Maana yake ni kwamba ukinzani wa omu 2 tu kwenye kiungo kibovu unasomeka kama digrii 5. Ile mbinu ya kutumia waya tatu kufuta ukinzani wa njiani inategemea waya zote ziwe sawa. Kiungo kimoja kikiharibika, hesabu yote inapotoka. Tulifungua kisanduku. Waya wa pili ulikuwa na nyuzi chache tu chini ya skrubu, nyingine zimesimama kando. Tulikata ncha, tukaweka feruli kwenye waya zote tatu, tukakaza. Mstari ukatulia bila kuandika hata herufi moja ya programu.

Fikiria kama tungelainisha namba. Mwendesha tanuri angeona joto zuri ambalo si la kweli. Chai inatakiwa itoke ikiwa na unyevu wa takribani asilimia 3. Ikitoka na unyevu zaidi inaharibika ghalani, ikikauka kupita kiasi inaungua. Ndiyo maana nasema programu haiwezi kuponya waya. Inachoweza ni kuuficha tu.

"Mimi napaka lehemu, inatosha"

Hili ndilo jibu ninalopewa mara nyingi, na wanaolitoa ni mafundi wazuri wanaojali kazi yao. Wanazamisha ncha kwenye bati la moto, nyuzi zinagandamana, inapendeza macho. Kwa bahati mbaya, chini ya skrubu hilo ni kosa.

Lehemu ni metali laini. Ukiibana kwa skrubu inatiririka polepole, hata ikiwa baridi, kama ugali uliowekewa jiwe juu. Baada ya muda skrubu haina cha kubana tena. Pia lehemu hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu hadi pale inapoishia, na hapo ndipo waya hukatika ukitikiswa. Kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, BS 7671, katika toleo la 2018 zinasema wazi: kwenye terminali za skrubu, kupaka lehemu ncha nzima ya waya wa nyuzi hakuruhusiwi. Kwa hiyo si maneno yangu.

Hoja za upande wa pili

Sitaki kuuza feruli kama dawa ya magonjwa yote. Kuna mahali hazihitajiki.

Waya wa uzi mmoja mnene, kama ule unaopatikana kwenye kuta za nyumba nyingi, hauhitaji feruli. Uingize, ukaze, basi. Pia kuna terminali za springi, zile za kuinua kiwiko, ambazo zimetengenezwa kupokea waya laini ukiwa uchi na kuubana bila kuukata. Hizo soma maelezo ya mtengenezaji na umfuate yeye. Na kwenye betri au inveta kubwa, ambako nati inakaza juu ya boliti, hapo ni kazi ya lagi yenye tundu, si feruli.

Hoja nzito zaidi ni hii: feruli iliyobanwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Nakubali kabisa. Feruli iliyopondwa kwa plaizi, au kwa meno (nimeona!), inatoa picha ya kazi safi huku waya ndani unateleza. Lakini jibu lake si kuacha feruli. Jibu ni kununua koleo sahihi, lile lenye racheti ambalo halifunguki mpaka limemaliza kubana. Fundi hununua mara moja akatumia miaka. Mtu anayenunua simu mpya kila baada ya miaka miwili hawezi kuniambia koleo ni ghali.

Kuhusu gharama ya feruli yenyewe, kipande kimoja hakifikii bei ya andazi. Mfumo wa sola wa nyumba ya kawaida una ncha kumi, kumi na tano hivi.

Jinsi ya kufanya

1. Pima waya, chagua feruli ya ukubwa huo huo. Waya wa 1.5, feruli ya 1.5. Usipunguze nyuzi ili zipite.
2. Usitegemee rangi peke yake. Kuna mpangilio zaidi ya mmoja: kwa mpangilio wa DIN ya 2.5 ni buluu na ya 0.75 ni kijivu, lakini kuna mpangilio mwingine ambao umezigeuza. Soma namba kwenye pakiti.
3. Menya ganda bila kukata uzi hata mmoja. Nyuzi zifike mwisho wa kijibomba, zikichungulia kidogo sana. Ganda liingie ndani ya kola.
4. Usisokote nyuzi. Zinyooshe tu ziingie sambamba.
5. Bana mara moja, mpaka racheti iachie yenyewe.
6. Vuta. Vuta kweli, si kwa huruma. Ikitoka, kata ncha uanze upya.
7. Waya mbili kwenye terminali moja? Tumia feruli pacha. Usizisonge mbili ndani ya moja.
8. Kaza skrubu, na ukikagua mfumo siku nyingine, ijaribu tena.

Dakika moja kwa kila ncha ukiwa mwanafunzi. Ukizoea, sekunde kadhaa.

Nani abebe mzigo?

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Ni rahisi kumlaumu fundi wa kijijini. Lakini fundi anafanya kile anacholipiwa. Mteja anahesabu vitu anavyoviona: sola juu ya paa, betri, taa sita. Hakuna anayehesabu ncha za waya. Fundi anayetaka kuweka feruli na kukagua kila ncha anaonekana mwenye bei ya juu, na kazi inakwenda kwa yule anayesokota kwa vidole na kumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sheria tunazo. Kanuni za mifumo ya sola za 2012 ziliweka madaraja ya leseni za mafundi, T1 hadi T3, na Sheria ya Kawi ya 2019 iliipa EPRA kazi ya kusimamia mambo haya. Leseni ni nzuri, lakini leseni haiingii ndani ya kisanduku pamoja na bisibisi. Anayeingia ni mwenye nyumba, siku ya kukabidhiwa kazi, kabla hajatoa pesa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Vyuo vya ufundi vifundishe kubana kama vinavyofundisha kulehemu, na mwanafunzi apimwe kwa kuvutwa waya wake mbele ya mwalimu. Wenye maduka ya vifaa vya umeme mjini waweke pakiti za feruli pale kaunta, karibu na tepu nyeusi, maana kisichoonekana hakinunuliwi. Na sisi wa programu, tunaopeleka sensa mashambani na viwandani, tuandike feruli kwenye orodha ya vifaa tangu siku ya kwanza, na tukatae kupokea kisanduku kisichokuwa nazo, kama tunavyokataa programu isiyojaribiwa.

Na wewe mwenye sola nyumbani, usikae ukisubiri chuo wala serikali. Jumamosi hii, kama fundi wako yuko karibu, mwite akuzimie mfumo na afungue kisanduku cha kontrola. Mwambie, "Fundi, hebu nionyeshe ncha za waya." Ukiona nyuzi zimetawanyika, au plastiki iliyobadilika rangi kuzunguka skrubu, au ncha nyeusi, hapo umepata jibu la kwa nini taa zinafifia saa mbili usiku. Mlipe azikate na kuzivisha feruli. Ni kazi ya saa moja. Kabla hujauza mbuzi kwa ajili ya betri nyingine, anza hapo.